Bei ya Ploti Si Gharama ya Kuishi: Kuchagua Mahali pa Kustaafu Ukitoka Nairobi

Ukitoka Nairobi kwa Barabara ya Kangundo, kuanzia Kamulu hadi Joska mabango yanafuatana: ploti ya futi hamsini kwa mia, hatimiliki iko tayari, lipa polepole. Jioni, kwenye makundi ya WhatsApp, watu waliobakiza miaka mitano au sita kustaafu wanaulizana: Nanyuki au Kilifi? Kitengela au ushago? Mmoja anasema Nairobi haikaliki tena bila mshahara. Mwingine anasema kijijini maisha ni bure. Wa tatu anatuma picha ya ufuo wa bahari. Karibu wote wanalinganisha kitu kimoja tu, bei ya ardhi, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza.

Fikiria jiko la makaa. Kuna jiko la bei rahisi linalokula debe la makaa kwa siku chache, na kuna lililo ghali kidogo linalotumia nusu yake. Jiko unalinunua mara moja, makaa unayanunua mpaka uchoke. Ploti ni jiko. Maji, nauli, dawa, umeme, mlinzi na michango ni makaa. Mstaafu hashindwi na jiko, kwa sababu alilinunua akiwa bado na pesa za kustaafu mkononi. Hushindwa na makaa mwaka wa saba au wa kumi.

Kwa hiyo tukisema mahali pa bei nafuu katika makala hii, tuna maana moja: mahali ambapo pesa zako za kila mwezi zinalipia maisha yako ya kawaida bila kugusa akiba, sasa ukiwa na miaka 60 na pia utakapokuwa na 75.

Pesa zenyewe kwanza

Umri wa lazima wa kustaafu katika utumishi wa umma ni miaka 60, na 65 kwa watu wenye ulemavu. Ukistaafu, mafao yako huja kwa sura mbili. Mkupuo ni pesa unazolipwa kwa pamoja. Pensheni ni pesa za kila mwezi. Kama mfuko wa mwajiri wako ni wa pensheni, kwa kawaida unaruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo, na theluthi mbili zilizobaki zinakutafutia malipo ya kila mwezi. Wanachama wengi hugundua jambo hili wakiwa tayari wameahidi kulipia ploti, wakidhani watapewa zote. Uliza mfuko wako mapema, kwa maandishi: nitapata mkupuo kiasi gani, na kila mwezi kiasi gani?

Kuna swali la pili ambalo ni zito kuliko hilo: je, malipo ya kila mwezi yatapanda? Pensheni nyingi zinazonunuliwa kutoka kampuni za bima hubaki palepale maisha yote, isipokuwa umechagua ile inayoongezeka, ambayo huanza kwa kiwango cha chini. Chukua mfano wa shilingi 45,000 kwa mwezi. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 12 kila kitu kitagharimu mara mbili. Zile 45,000 zitanunua kile kinachonunuliwa leo na 22,500. Mahali palipokutosha kwa shida ukiwa na miaka 60 hapatakutosha ukiwa na 72. Basi unapopima mji, pima kwa pensheni iliyopungua. Ukiona gharama za mwezi zinafika robo tatu ya pensheni yako ya mwanzo, hapo pamebana.

Habari njema ni kwamba tangu tarehe 27 Desemba 2024 mafao yanayolipwa na mifuko iliyosajiliwa kwa mtu aliyefika umri wa kustaafu hayakatwi kodi ya mapato. Ukisikia hesabu za zamani zenye makato, zifanye upya.

Maji, kwa vipimo

Kati ya yote yanayowarudisha wastaafu Nairobi, maji yako karibu na juu kabisa, na ndiyo watu huyauliza mwisho. Muuzaji atasema maji yapo. Swali ni maji gani, kwa bei gani, na mwezi gani.

Tuanze na ya mvua, kwa sababu hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa inatoa lita moja. Paa la mita za mraba 100, mahali panapopata milimita 700 kwa mwaka, linapokea lita 70,000. Toa asilimia 20 ya maji yanayomwagika kwenye gata, yanayokauka na yale ya mvua ya kwanza unayoyaacha yaoshe vumbi la mabati. Zinabaki lita 56,000. Watu wawili wanaotumia lita 50 kila mmoja kwa siku wanahitaji 36,500 kwa mwaka. Kwa hiyo maji yanatosha, hata yanabaki.

Tatizo ni tarehe. Sehemu nyingi za Ukambani, kuanzia Machakos hadi Makueni na Kitui, mvua ya kutegemewa ni ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba. Masika ya Machi hadi Mei huko husuasua. Masika yakigoma, kuanzia katikati ya Januari hadi mwisho wa Oktoba ni takriban siku 290, yaani lita 29,000 kwa watu wawili. Tangi la lita 5,000 ambalo wengi hujenga nalo nyumba linakwisha kabla ya mwezi wa pili kumalizika. Ndiyo maana mwenyeji wa huko ana matangi matatu makubwa na mgeni ana bili ya boza la maji. Na usisahau ng'ombe: ng'ombe mmoja wa maziwa hunywa lita 60 au zaidi kwa siku, zaidi ya nusu ya maji yenu nyote wawili.

Bei ya boza iulize Septemba, wakati foleni ni ndefu. Bei ya Mei haikuambii lolote.

Maji ya kisima cha kuchimbwa yana mambo yake. Kitengela na maeneo ya Athi River, visima vingi vina chumvi: sabuni haitoi povu vizuri, birika linashika ukoko mweupe, na mabomba ya chuma hayadumu. Kwenye Bonde la Ufa, hasa kuzunguka Nakuru na Naivasha, kuna floridi. Ikizidi, meno hubadilika rangi kuwa kahawia, na kwa miaka mingi mifupa huumia. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua na floridi inabaki sufuriani. Vichujio vya mkaa wa mifupa huipunguza, lakini lazima ule mkaa ubadilishwe kila baada ya muda. Kabla ya kununua, jaza chupa safi maji ya jirani uyapeleke maabara yapimwe. Na ukiwa pale, tazama meno ya vijana waliozaliwa hapo, na ndani ya birika la jirani. Huo ni ushahidi ambao hakuna muuzaji anayeweza kuuficha.

Hospitali hupimwa kwa dakika

Hospitali nchini zimepangwa kwa ngazi. Ngazi ya 2 ni zahanati, ya 3 ni kituo cha afya, ya 4 ni hospitali ya kaunti ndogo, ya 5 ni hospitali kubwa ya rufaa ya kaunti, na ya 6 ni za kitaifa kama Kenyatta hapa Nairobi na Moi kule Eldoret. Mtu wa miaka 60 mwenye afya anaona zahanati ya karibu inamtosha. Lakini nyumba unayojenga leo utaugulia humo ukiwa na miaka 75, na magonjwa ya umri huo ni presha, sukari, figo, moyo na kiharusi.

Chukua kiharusi. Kipo kile kinacholetwa na damu iliyoganda kichwani, na dawa ya kuyeyusha donge hilo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kabla ya kuitoa, daktari lazima apige picha ya kichwa kwa mashine ya CT ili ahakikishe si damu inayovuja. Sasa piga hesabu: dakika za kutafuta gari saa nane usiku, dakika za barabara ya vumbi hadi lami, saa za lami hadi hospitali yenye mashine hiyo, na muda wa foleni ukifika. Ukiambiwa hospitali iko kilomita 40, uliza kilomita ngapi ni za lami, na kama barabara hiyo inapitika mwezi wa Aprili.

Figo ndiyo hesabu kali zaidi. Mgonjwa anayesafishwa damu huenda hospitali mara mbili au tatu kwa wiki, maisha yake yote au mpaka apate figo nyingine. Bima ikilipia mashine, nauli bado ni yako. Safari ya shilingi 600 kwa kila mtu kwenda na kurudi, kwa watu wawili, mara mbili kwa wiki, ni karibu shilingi 10,000 kwa mwezi. Huo ni mfano tu, lakini weka nauli ya kwenu uone inavyokula pensheni.

Kwenye hospitali unayotegemea, usiishie kuuliza kama ina mashine. Uliza kama inafanya kazi wiki hii, na kama mtaalamu wake yupo wikendi. Thika, Machakos, Embu, Nakuru, Kakamega, Kisumu na Mombasa zina hospitali kubwa za rufaa, na kuishi ndani ya nusu saa kutoka kwa mojawapo kuna thamani kubwa kuliko robo ekari ya ziada.

Kuhusu bima ya afya, wengi bado wanazungumza kana kwamba NHIF, bima ya zamani ya serikali, ipo. Tangu Oktoba 2024 kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 na mwajiri wake hupeleka. Ukistaafu, mwajiri hayupo tena. Unaingia kundi la wasio na mshahara, unajibu maswali kuhusu hali ya nyumba yako ili kipato chako kikadiriwe, kisha unalipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Uliingize kwenye bajeti ya mwezi utakaolipa, na hakikisha hospitali unayotegemea ina mkataba na SHA. Kama unataka pia bima ya kampuni binafsi, ingia ukiwa bado kazini. Kampuni nyingi hazipokei mwanachama mpya akishapita miaka 60 au 65, au humtoza zaidi.

Je, kijijini ni bure?

Hili ndilo dai linaloaminika zaidi. Kweli, nyumbani hakuna kodi ya nyumba, mboga ziko nyuma ya jikoni, na jirani atakuita kwa chai bila kuuliza. Hilo si jambo dogo. Upweke uzeeni ni ugonjwa pia.

Lakini mtu aliyefanya kazi Nairobi miaka thelathini akirudi, harudi kama alivyoondoka. Kwa kijiji, yeye ni mtu wa mjini mwenye pensheni. Kuna mchango wa matanga, harambee ya karo ya mtoto wa binamu, paa la kanisa au msikiti, bili ya mgonjwa anayezuiliwa wodini. Kila moja ni halali, na kukataa zote kunakutenga na watu uliowafuata. Dawa yake ni kuipanga: tenga kiasi maalumu cha michango kila mwezi, tuseme asilimia 10 ya pensheni, na mwezi ukiisha uwaambie ndugu bila kuona haya kwamba fungu la mwezi huu limetoka, tuonane mwezi ujao. Wanaoanza kwa kutoa elfu tano kila wanapoombwa, mwezi wa kwanza wakiwa na mkupuo, ndio wanaogombana na ukoo mkupuo unapokwisha.

Jambo la pili la kijijini linauma zaidi, nalo ni ardhi yenyewe. Watu wengi wanajenga nyumba ya mawe kwenye kipande walichoonyeshwa na baba, wakati hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani. Kisheria ardhi hiyo ni ya mirathi ambayo haijagawanywa. Baba wakubwa na wadogo, shangazi na watoto wao wanaweza kudai sehemu yao, na chini ya Sheria ya Urithi mashangazi wana haki sawa na wanaume. Maliza kesi ya mirathi, gawanya shamba kwa mpimaji, upate hatimiliki yenye jina lako, ndipo ununue simenti. Inachukua muda mrefu, kwa hiyo ianze ukiwa na miaka 50, si 60.

Nalo shamba? Linaweza kulisha familia mboga, mayai na maziwa. Lakini kilimo kinachotakiwa kulipa bili zote kinahitaji mikono, mtaji na mgongo imara, na mkulima anayeanza akiwa na miaka 60 analipa vibarua kwa kila kazi. Ulianzishe miaka mitano kabla ya kustaafu, kwa mshahara na si kwa mkupuo, uone kama linajilipa.

Sehemu zinazotajwa sana

Machakos mjini, na miji kama Tala na Kangundo, zina faida moja kubwa: unaweza kuja Nairobi kliniki asubuhi na kulala kwako. Machakos iko takriban kilomita 65. Shida ni maji tuliyoyaona. Thika na Murang'a ya chini zina hospitali nzuri na barabara pana, ila ardhi ya huko si ya bei rahisi tena. Kirinyaga na Embu ni kijani na maji yanapatikana, na kwa sababu hiyohiyo anayeuza ekari yenye rutuba huiuza kwa bei ya mkulima.

Nanyuki, takriban kilomita 200 kutoka Nairobi, inapendwa kwa hewa kavu na mlima unaouona ukifungua dirisha. Usiku ni baridi kweli, na mtu mwenye maumivu ya viungo alale huko Julai kabla ya kuamua. Kwenye mashamba ya nje ya mji, ndovu huingia. Biashara ya watalii na wageni imepandisha bei mjini, kwa hiyo soko la mboga linaweza kuwa ghali kuliko unavyotarajia mji wa mbali.

Nakuru, jiji tangu Desemba 2021, na Eldoret, jiji tangu Agosti 2024, ni chaguo la watu wanaotaka huduma za mjini bila msongamano wa Nairobi. Eldoret ina hospitali ya ngazi ya 6. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa kudumu, hiyo peke yake inaweza kuamua.

Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia: kumbuka malaria. Kinga ya mwili dhidi ya malaria hupungua mtu akikaa miaka mingi Nairobi, hata kama alizaliwa huko. Lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo.

Pwani inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndoto nyingi zinaelekea huko. Treni ya SGR inafika Mombasa kwa takriban saa tano, kwa hiyo wajukuu wanaweza kuja likizo. Chakula cha samaki, nazi na mboga si ghali ukinunua sokoni badala ya dukani. Lakini joto lina bili yake: feni usiku kucha, friji inayofanya kazi zaidi, na kama una kiyoyozi, tokeni za umeme zinakwisha haraka. Hewa ya chumvi hula mabati, bawaba, waya za ua na vifaa vya umeme. Karibu na ufuo, tenga pesa za ukarabati kila mwaka, si kila baada ya miaka kumi.

Mombasa pia kuna utaratibu wa zamani wa nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki nyumba, na kiwanja ni cha mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Nyumba hizi huuzwa kwa bei inayovutia, na mgeni kutoka Nairobi anaweza kudhani amenunua vyote viwili. Uliza kwa maneno haya: ninanunua nyumba, ardhi, au zote? Sehemu nyingine za Pwani zina migogoro ya zamani kati ya wenye hati na watu wanaoishi juu ya ardhi hiyo kwa vizazi. Hati safi mikononi mwa muuzaji haimaanishi ardhi ni tupu. Nenda ukaone nani analima hapo, na zungumza na mzee wa mtaa.

Na kubaki Nairobi? Si wazo baya kama nyumba ni yako, watoto na daktari wako wako hapa, na uko karibu na kituo cha matatu. Watu huondoka kwa kuhesabu kodi ya nyumba ambayo wao wenyewe hawailipi.

Kukodi uzeeni si aibu

Wakenya tunaamini mzee lazima afe kwake. Tazama tarakimu kwanza. Nyumba na ploti vikigharimu milioni 6, na nyumba kama hiyo ikikodishwa kwa 25,000 kwa mwezi, kodi ni 300,000 kwa mwaka. Zile milioni 6 zikiwa kwenye hati za dhamana za serikali, tuseme kwa asilimia 10 baada ya ushuru, zinaleta 600,000 kwa mwaka. Unalipa kodi, unabaki na 300,000, na mtaji bado upo ukitaka kuhamia karibu na hospitali. Ila kodi hupanda, na mwenye nyumba anaweza kuuza. Kwa hiyo kukodi kunamfaa mwenye nidhamu ya kutogusa mtaji, asiyejua bado anataka kuishi wapi. Mtu ambaye pesa zikiwa benki zitaombwa na kila mtu, pengine ni heri zigeuke mawe.

Wengine hupanga kujenga vyumba vya kupangisha ili viwalipe. Weka kwenye hesabu miezi ambayo chumba ni kitupu, ukarabati, na ushuru: anayepokea kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa mamlaka ya ushuru, KRA, asilimia 7.5 ya pato lote, kabla ya kutoa gharama yoyote.

Ukijenga, jenga kwa ajili ya magoti

Ghorofa ya watoto wanne walioondoka ni nyumba ya kufagia. Vyumba viwili au vitatu chini, bila ngazi, vinatosha. Milango iwe na uwazi wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite. Kama kuna kidato cha sentimita 15 barazani, mteremko wa kukipanda uwe na urefu wa mita 1.8 hivi, ukiwa mfupi, mtu anaanguka kinyumenyume. Bafuni weka vigae visivyoteleza na chuma cha kushikilia kilichofungwa ukutani wakati wa kujenga, si baadaye.

Na uliza udongo. Udongo mweusi wa pamba, unaopatikana sana Kitengela, Athi River na Juja, huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Msingi wa kawaida juu yake hupasuka. Lazima uchimbwe mpaka uufikie udongo mgumu au mwamba, ujazwe upya, na gharama hiyo inaweza kumeza nafuu yote uliyoipata kwenye bei ya ploti.

Karatasi

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kazi hii ni ya wakili na mpimaji, si ya dalali. Mpimaji aonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, zilizopo ardhini na zilizo kwenye ramani. Utafutaji rasmi wa jina la mmiliki ufanywe kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa mtandaoni, au ofisi ya ardhi. Ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, inayoombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba utiwe saini. Bila idhini, mauzo ni batili. Mwenzi wa ndoa wa muuzaji lazima aridhie. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Ukishasajiliwa, fanya utafutaji mwingine uone jina lako.

Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi si hatimiliki. Ahadi kwamba hati mama, ile ya shamba zima, itagawanywa baadaye si hatimiliki. Na ile ploti ya hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000, ilhali thumuni kamili ya ekari ni 5,445. Anayekuuzia "thumuni" ya hamsini kwa mia amekupunguzia futi za mraba 445, karibu ukubwa wa nyumba ndogo ya chumba kimoja.

Jaribu kabla ya kuhama

Kodi nyumba ndogo mahali unapopataka kwa miezi mitatu, na uchague msimu mbaya: Julai kwa Nanyuki na Limuru, Februari au Machi kwa Pwani wakati joto limepanda, Septemba kwa Ukambani, Aprili kwa barabara ya udongo. Ishi kama mwenyeji. Nunua sokoni, panda matatu na bodaboda badala ya gari lako, maana ipo siku macho yatakataa kuendesha. Nenda kliniki ya kaunti kwa dawa zako za kawaida, uone kama zipo. Hudhuria kanisa, msikiti au chama mara nne, uone kama watu wanakukumbuka jina. Mwenzi wako naye aulizwe peke yake. Nyumba nyingi za ushago zimebaki na mzee mmoja kwa sababu mama alirudi kwa wajukuu mtaani Umoja, Nairobi.

Andika kila shilingi kwenye daftari, kwa mafungu: maji, chakula, umeme na gesi, usafiri, afya, michango, mfanyakazi, ukarabati. Jumla ya miezi mitatu igawe kwa tatu, uongeze sehemu ya mwezi ya SHA, kodi ya ardhi ya kaunti na safari za Nairobi. Hiyo ndiyo bei ya mji huo, na ndiyo unayoilinganisha na pensheni yako.

Nyumba ya Nairobi, kama unayo, usiiuze wakati huo. Ipangishe kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mji ukikukataa, utakuwa umepoteza kodi ya miezi mitatu na nauli ya lori.